Kuwafundisha Watoto Nyumbani: Ni Imani au Ni Hofu?



Tangu mchungaji afundishe juu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, akina mama wengi wamenishika mkono pale nje ya kanisa na kuniuliza, "Mama, ni kweli umewatoa watoto shule?" Wengine wanauliza kwa kunipongeza. Wengine wananitazama kwa huruma, wakidhani karo imetushinda. Nimeombwa niwajibu wote kwa pamoja kupitia karatasi hii. Ndiyo, ni kweli. Tangu Januari binti yangu wa miaka sita na ndugu yake wa miaka minne wanasomea mezani kwangu, kando ya cherehani. Lakini siandiki ili niwashawishi mfanye kama mimi. Naandika kwa sababu miezi hii mitatu Mungu amenihoji mimi kuliko nilivyowahoji wanangu.

Nikiulizwa sababu, huwa natoa ile nzuri: Neno linamwagiza mzazi awafundishe watoto wake. Hata mzee wangu nilipomwambia hivyo alinyamaza, maana nani atabishana na Maandiko? Lakini kusema ukweli, sababu iliyotangulia ilikuwa nyingine. Binti yangu alikuwa anaamka saa kumi na moja kasoro robo ndio basi la shule limpate, na jioni anasinzia juu ya sahani ya ugali. Hiyo iliniuma, lakini nilivumilia. Halafu siku moja nikimwogesha akaimba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyasikia ndani ya basi. Hata hajui maana yake. Nilitetemeka, na usiku ule ule nikaamua. Kumbukumbu la Torati niliitafuta kesho yake.

Sasa hapo ndipo swali langu lilipo. Jambo likizaliwa na hofu, kisha ukalivika aya ya Biblia, je, linageuka kuwa imani?

Nimeisoma ile sura ya 6 mara nyingi. Musa anataja saa ambazo mzazi atazungumza na mtoto wake juu ya Bwana: mkiwa mmekaa nyumbani, mkitembea njiani, mkilala na mkiamka. Angalieni vizuri. Hakuna mahali anaposema juu ya hesabu na kusoma, wala anaposema mtoto asifundishwe na mtu mwingine. Mama ambaye mtoto wake anakwenda shule bado anakaa naye nyumbani, bado wanatembea hadi stejini, bado wanalala na kuamka. Agizo hilo ni letu sote, aliyemtoa mtoto shule na asiyemtoa. Na kuwa na mtoto nyumbani mchana kutwa hakumaanishi umelitimiza. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Miezi tisa na zaidi wote walikuwa mikononi mwetu. Kila mmoja ajijibu mwenyewe miezi hiyo ilitumiwaje. Sisi nyumba nzima tulitazama televisheni.

Tena Biblia yenyewe inanitatiza. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata, akamnyonyesha, na alipomwachisha ziwa akampeleka kwa Eli. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. (Mimi fundi wa nguo, hiyo 1 Samweli 2:19 huwa inanitoa machozi. Alikadiriaje kipimo cha mtoto asiyemwona mwaka mzima?) Samweli alikua mbali na mamake akawa nabii. Na wana wa Eli, Hofni na Finehasi, waliolelewa na baba kuhani pale pale penye madhabahu, waliharibika kabisa. Musa alinyonyeshwa na mamake mzazi, kisha akasomeshwa elimu yote ya Wamisri. Danieli na wenzake waliwekwa miaka mitatu kujifunza lugha na vitabu vya Wakaldayo. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele yenu niseme ukuta wa nyumba ndio unaookoa. Uovu haungoji ndani ya basi la shule tu. Nyumbani kwa Eli uliingia kupitia mlango wa kuhani.

Lakini pia sitaki mseme kwamba ninachofanya ni kitu kigeni kilicholetwa jana. Susanna Wesley, mamake John na Charles Wesley, aliwafundisha watoto wake nyumbani huko Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, akabaki na kumi waliokua. Mtoto akitimiza miaka mitano alipewa siku moja ya kujifunza herufi zote, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Wengi waliziweza siku hiyo hiyo. Wasichana wawili walichukua siku na nusu, naye akawaona wazito, ingawa baadaye alipoona watoto wa wengine wanavyochukua muda, alibadilisha mawazo. Kijana wangu anakwenda wiki ya saba na bado anachanganya "b" na "d", kwa hiyo huyo mama mimi namheshimu kwa mbali.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mwaka 1709 nyumba yao iliungua, na watoto wakagawanywa kwa majirani na jamaa hadi nyumba nyingine ijengwe. Waliporudi, mama akagundua wamejifunza nyimbo na tabia mbaya ambazo hawakuzijua kamwe. Niliposoma hapo nikasema, dada yangu! Miaka mia tatu iliyopita, na bafu ni lile lile. Alifanya nini? Alianza upya, akaweka desturi ya kuimba zaburi kabla ya masomo na baada yake, na akatenga jioni moja kwa kila mtoto wazungumze wawili tu. Alhamisi ilikuwa ya John. Na mwaka 1714, John akiwa na miaka kumi hivi, mama huyo huyo alikubali aende shule ya bweni London. Hakumfungia ndani milele. Alimwandaa, akamwachilia.

Sasa niwaambie kilichonivunja. Wiki ya tano hivi, mtoto wa jirani alirudi kutoka shuleni, akabisha hodi kuuliza kama binti yangu atatoka wacheze. Nilikuwa ndani napiga pasi. Nikamsikia binti yangu akimwambia, "Mama amesema watoto wa shule wana tabia mbaya." Kisha akafunga mlango.

Wapendwa, sikuwahi kumwambia maneno hayo. Lakini nilimwambia dada yangu kwenye simu, tena si mara moja, na mtoto yuko pale anahesabu maharagwe. Huyo mtoto wa jirani ana miaka saba. Mamake anauza mboga, anatoka saa tisa usiku kwenda Marikiti kuchukua mzigo, na yeye hujivalisha sare, hufunga mlango na kwenda shule peke yake. Nilikuwa nimemfundisha binti yangu kusoma na kuhesabu, na pamoja na hayo nikamfundisha kumdharau mtoto wa mtu. Tena kwa muda mfupi kuliko nilivyomfundisha kutoa tano kwenye kumi na mbili. Yale ya basini niliyafuta kwa siku mbili. Haya yangu nitayafuta kwa muda gani?

Na kuna jambo jingine ambalo hamtaliona mkipita dirishani. Shuleni mwalimu akikasirika, kengele inalia na mtoto anarudi kwa mamake kulia. Kwangu hakuna kengele. Siku moja nilimfokea kijana kwa sababu ya hizo "b" na "d" mpaka akajikojolea. Kisha akaanza kulia, "Nataka mama." Nami nimekaa pale pale mbele yake. Siku hiyo nilifunga madaftari saa nne asubuhi, tukaenda kununua ndizi. Anayetaka kuanza kazi hii ajiulize kwanza swali hilo: mtoto akiumizwa na mwalimu huyu, atakimbilia kwa nani?

Ndiyo maana huwa sifurahi nikisikia mtu akisema, eti mama aliyeokoka kweli hawezi kumpeleka mtoto shule ya serikali. Sema hivyo, halafu umtazame usoni huyo mama mboga. Mimi cherehani yangu iko nyumbani, mzee wangu ana mshahara, ndio nikaweza. Ukiifanya kuwa kipimo cha wokovu, umefanya kama wale waliowafuata Wagalatia wakiwaambia imani haitoshi bila tohara. Paulo hakuwa na maneno matamu kwa watu hao.

Mtaniuliza juu ya sheria, na ni haki yenu. Katiba yetu, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamdai mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyetii anaweza kutozwa faini au kufungwa. Wako wazazi Wakenya waliofikishwa mahakamani kwa sababu hii hii. Kuna ndugu alinipa moyo kwa maneno ya Petro katika Matendo 5, kwamba Mungu hutiiwa kuliko wanadamu. Nimeyapima, na naona hayanifai. Petro alikatazwa kulitaja jina la Yesu. Mimi hakuna aliyenikataza. Serikali inataka binti yangu ajue kusoma, jambo ambalo hata mimi nalitaka. Nikijificha chini ya maneno ya Petro nitakuwa nimeazima mateso ya mtu mwingine.

Kwa hiyo tumekubaliana na mzee wangu: tutakwenda wenyewe ofisi ya elimu, Jumatatu hii, na madaftari yote mkononi, tueleze tunachofanya na tusikie tutakachoambiwa. Tukiambiwa binti arudi shule, atarudi, nami nitaitafuta Alhamisi yangu ya jioni. Tukipewa njia, tutaendelea. Mtuombee. Mtoto wa jirani sasa huja kila Jumamosi, wanasoma pamoja na binti yangu, na ndiye anayemrekebisha kijana "b" na "d", tena bila kufoka. Binti yangu ameuliza kama Jumatatu avae sare. Nimemwambia avae rinda la bluu nililomshonea Krismasi, ingawa limeanza kumbana mabegani.