Nishani ya Dhahabu

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa riwaya, aliingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo fulani. Hakushinda. Toleo la pili lilipokaribia akanipigia simu: "Dada, niwekee nishani kwenye jalada. Iwe ya dhahabu, ing'ae kweli kweli." Kazi yangu ni uandishi wa habari, majalada natengeneza usiku, kwa bei ya kirafiki, yaani bure.

Kutengeneza dhahabu kwenye Photoshop si kazi ngumu, ila inafikirisha. Ukijaza herufi kwa njano unapata njano ya ndizi, basi. Metali iliyosuguliwa jicho huitambua kwa vitu inavyoakisi: dirisha, taa, kivuli cha aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo unapanga rangi zifuatane: kahawia iliyokolea, njano, karibu nyeupe, halafu ghafla kahawia tena. Ni ule mruko wa kutoka mwangani kwenda gizani unaolishawishi jicho. Kisha unainua kingo za herufi na kuamua mwanga utoke wapi. Mimi niliuweka juu kushoto, nyuzi 120. Nilikuwa nimechora mwako wa taa ambayo haikuwahi kuwashwa, kwenye chumba ambacho hakipo.

Katikati ya nishani niliandika ukweli mtupu: "Orodha ya Mwisho". Herufi ndogo, matawi pembeni, nyota juu. Nikaitazama kwenye simu, ikiwa ndogo kama mnunuzi anavyoiona. Maneno hayasomeki. Kinachosomeka ni dhahabu, na kwenye jalada la kitabu dhahabu inasema jambo moja tu: kashinda huyu.

Sasa, nilidanganya? Kila neno pale ni kweli. Lakini chumba cha habari kimenifundisha kwamba kichwa cha habari kinaweza kuwa na maneno ya kweli matupu na bado kikampotosha msomaji, na mhariri makini hukikataa. Sijui kwa nini nilidhani rangi zina sheria zake.

Nilijaribu kujificha nyuma ya Leon Battista Alberti, Mwitaliano aliyeandika kitabu kuhusu uchoraji mwaka 1435. Enzi hizo wachoraji walibandika dhahabu halisi kwenye picha, na Alberti hakupendezwa. Kwake, anayestahili sifa zaidi ni yule anayeuiga mng'ao wa dhahabu kwa rangi za kawaida. Safi kabisa, nikasema, huyu ni wakili wangu. Ila utetezi wenyewe una tundu. Anayetazama picha anajua ni rangi, na raha yake ni kuona mkono wa fundi. Mnunuzi wa riwaya hana habari na mkono wangu. Kazi yangu inafanikiwa pale tu asipouona.

Vitabu vilipotoka kiwandani, nishani ilikuwa na rangi ya haradali. Wino wa kawaida wa rangi nne hauna metali ndani yake. Ukitaka mng'ao wa kweli unabandika foili kwa joto, na hiyo ni gharama nyingine. Rafiki yangu alinuna. Mimi, kusema kweli, nilishusha pumzi.

Mtandaoni, hata hivyo, picha ya jalada bado inawaka. Msomaji mmoja aliniambia ana kwa ana kwamba alikiagiza "kwa sababu kilishinda", na kwamba amekipenda mno, amekesha nacho. Sikumsahihisha. Nilimuuliza amefika sura ya ngapi.

Usiku ule nilimpigia rafiki yangu, nikamwambia nataka kuyakuza yale maneno na kuuzima mng'ao.

"Dada," akasema, "ukiuzima, inabaki nini?"

"Inabaki Orodha ya Mwisho."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimpe hadi Jumatatu.