"Umeenea" na "Unaenea"

Hapana budi tukiri kwamba sisi walimu wa Kiswahili ndio tuliolikataa neno prevalensi. Tulipolikuta katika taarifa za afya tulizopewa tuzifasiri, tulilifuta tukaandika "maambukizi", tukaona tumeitendea lugha yetu wema. Leo twajiuliza kama tuliwatendea wema wasomaji.

Tuchukue mfano wa Uganda. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, watu 64 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2011 walikuwa 73. Prevalensi husema hilo tu: ni wangapi walio na virusi wakati wa kuhesabiwa, awe aliyevipata juzi au aliyeishi navyo miaka kumi. Walioambukizwa karibuni Waingereza huwahesabu kwa neno jingine kabisa. Sasa mtu akiandika "maambukizi yameongezeka", msomaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba watu wanazidi kuambukizana, naye atamtazama jirani yake kwa jicho la shaka. Maambukizi mapya yalikuwapo, hatukatai. Lakini miaka ileile ndiyo dawa za kufubaza virusi zilipoanza kuwafikia wengi. Aliyekuwa afe yu hai, naye yumo katika hesabu. Kuokoka kwake sisi tukakuita maambukizi.

Je, basi tuliazime neno lile? Hatuna chuki na maneno ya kuazima; shule na meza si zetu kwa asili. Hata hivyo, muuguzi akimtajia bibi wa kijijini prevalensi, hatamdanganya, wala hatamwambia kitu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na tofauti hiyo tangu zamani, katika silabi mbili ndogo. "Ugonjwa umeenea" hutaja hali. "Ugonjwa unaenea" hutaja mwendo. Mtoto wa darasa la pili hakosei hapo. Tulikosea sisi, kwa kutaka jina mahali pa kitenzi, maana lugha ya ofisini hupenda majina. "Wanaoishi na virusi" na "walioambukizwa mwaka huu" ni maneno marefu, hayana fahari ya istilahi, lakini kila mmoja humwona mtu anayetajwa.

Taarifa zile zilikwisha kuchapwa na kubandikwa ukutani. Tumewaandikia wenye nazo tukiomba sentensi moja ibadilishwe. Majibu hatujapata.