Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Salamu niliyoikataa



Ndugu zangu, leo nawasimulia kosa langu mwenyewe. La mwenzangu lingekuwa usengenyaji, na tumefunga.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, alikuja madrasani mtoto mpya wa miaka minane hivi. Baba yake ni Mmasai aliyesilimu, mlinzi wa maduka jirani na msikiti. Watoto wetu mnawajua, wakifika hutoa shikamoo na kubusu mkono wa ustadh. Basi nikamnyooshea mkono. Hakuugusa. Akasimama mbele yangu kainamisha kichwa, kimya. Nikangoja, na yeye akangoja. Mwishowe nikasema mbele ya wenzake, "Wewe, kwenu hamfundishwi adabu?" Watoto wakacheka.

Siku mbili hakuonekana. Ya tatu akaja baba yake, wala hakuja kwa ugomvi. "Ustadh, kwetu mtoto humpa mkubwa kichwa, mkubwa akamgusa. Ndiyo salamu. Anasema ulikataa kumpokea."

Yaani mimi nadhani nimenyimwa heshima, kumbe nimepewa, na mimi ndiye niliyeiacha inaning'inia. Nimesoma chuoni miaka, nikasomea na diploma ya ualimu, na swali la maneno mawili tu, "Kwenu mnasalimianaje?", likanishinda.

Nimefikiri sana kilichonidanganya. Nadhani sisi watu wa pwani tumeishi na Uislamu muda mrefu mpaka ada zetu tunaziona ndiyo dini yenyewe. Kumheshimu mkubwa ni dini, hilo halina mjadala. Lakini kuionesha heshima hiyo kwa kubusu mkono ni desturi yetu. Mwingine ana yake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani kwa Bi Maymuna (r.a.), akawekewa mjusi wa jangwani aliyechomwa. Alipoambiwa ni nyama gani, akaondoa mkono. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa hapana, ila mnyama yule hakuwako katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta ile nyama akala, Mtume anamtazama.

Angalieni jibu lile. Hakukitia ila chakula, wala hakuwadharau wanaokila. Na pia hakujilazimisha kula ili awaridhishe wenyeji. Wengi hudhani kuelewana na watu ni kujifanya wao, sivyo. Alieleza hali yake yeye, basi, na hakuna aliyeaibika pale. Na huyu ndiye ambaye neno lake ni sheria!

Sasa sisi. Ramadhani ile ile, yule baba alileta maziwa kwenye futari, ndani ya kibuyu. Wamasai husafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa hubeba harufu ya moshi. Mmoja wetu kaonja, akasema kwa sauti, "Haya yameharibika." Hayakuharibika. Angesema tu, "Ndugu yangu, mimi sijayazoea," pengine wangecheka pamoja. Yule baba akakifunga kibuyu chake. Kesho yake alikuja mikono mitupu. Nilikuwepo, na nilinyamaza, kwa sababu aliyesema ni mtu mzima na ni mfadhili wa msikiti. Hilo nalo ni langu.

Mtoto alirudi. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, maana nilimuaibisha mbele yao. Siku hizi akiingia huniinamishia kichwa, nami namwekea mkono. Wiki hii watoto wawili wa hapa hapa mtaani nao wamenijia vichwa chini. Sijui wanamuiga au wananitania. Nimewagusa wote.

Kibuyu sijakiona tena. Leo baada ya Alasiri napita pale madukani, nikamwombe mwenyewe akilete.

Allah atutakabalie funga zetu. Tukutane Isha na Tarawehe, in shaa Allah.