Jina Jipya, Deni la Zamani

Nimetia kalafati majahazi hapa Matondoni, Lamu, tangu ujana, na vyama vya siasa huvipima kwa mkuku. Ubao ukioza twaung'oa, tanga likichakaa twalibadili, hata jina la ubavuni twalipaka upya mwenye chombo akitaka. Lakini mkuku ni ule ule, na aliyekopa kwa chombo kile huendelea kudaiwa.

Tazama KANU ya jogoo. Uhuru Kenyatta, aliyeiongoza, akahamia TNA ya njiwa; 2016 TNA ikaungana na vyama vingine, ikawa Jubilee. William Ruto akatoka humo humo akaibuka na UDA ya wilbaro, ambayo kabla yake iliitwa PDR. Gavana wetu Issa Timamy alishinda 2022 kwa tiketi ya ANC, na 2025 ANC ikaingia UDA. Sera? Biashara, bandari, barabara. Zile zile.

Kubadili jina si haramu. Anayesilimu hubadili, na dhambi zake husamehewa, ila haki za watu humbakia shingoni. Hapo fiqhi yawashinda wanasiasa wetu. Bandari ya Lamu ilizinduliwa Machi 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wake walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Basi mgombea akija barazani na fulana ya rangi mpya, simuulizi chama chake chaamini nini (hiyo khutuba ameihifadhi). Namuuliza deni la wavuvi liko juu ya dhima ya nani. Hujibu: hayo ni ya serikali iliyopita. Nami humuuliza yeye wakati huo alikuwa chama gani.