Kama Tungemlipa Mgeni, Tumlipe Ndugu



Miezi michache iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja seremala alinifuata hadi ofisini. Alikuwa ametengeneza mabenchi 12 ya watoto wa Shule ya Jumapili, kazi ya siku tatu. Nilikuwa nimemshukuru madhabahuni, watu wakapiga makofi, nikasema Mungu hamsahau mtu anayemtumikia. Alifunga mlango polepole akaniambia, "Pasta, makofi nimeyapokea. Lakini mwenye nyumba ameniwekea kufuli." Halafu akaongeza, bila hasira, "Yule fundi wa stima mlimlipa."

Ni kweli, tulimlipa. Yule si mshirika wetu. Alimaliza kazi, akataja bei, tukamtumia pesa kwa M-Pesa kabla hajafika geti. Ndugu yetu, ambaye karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa, tulimpa makofi. Jumatano kamati ya msaada ikampelekea pakiti mbili za unga na mafuta ya kupikia.

Mimi nimesomea biashara, na usiku huo nilipiga hesabu hiyo nikashindwa kulala. Tulichukua jasho lake, tukamrudishia kidogo kwa jina la msaada, tena tukatarajia aseme asante.

Swali ninalowaletea wiki hii ni hili: kanisa linapomsaidia mtu asiye na kazi, linamjengea heshima au linamvua?

Wengi wetu hujibu haraka kwamba heshima ya mtu ni kazi. Hata mimi niliamini hivyo. Baada ya kuhitimu nilikanyaga lami miaka miwili, bahasha ya kaki mkononi, viatu vimeisha upande. Njaa haikuniuma sana kwa sababu nyumbani walinilisha. Iliyoniuma ni karatasi ya mchango. Kukiwa na matanga au harusi, karatasi inazunguka sebuleni, ikifika kwangu inarukishwa kwa mwingine. Hawakunidharau, walinihurumia tu. Lakini mtu ambaye hakuna anayetarajia chochote kutoka kwake huanza kujiona si mtu.

Hata hivyo, angalieni mpangilio wa Mwanzo. Mtu anaumbwa kwa mfano wa Mungu katika sura ya 1. Anapewa bustani ailime na kuitunza katika sura ya 2. Dhambi inaingia sura ya 3. Kwa hiyo kazi si laana. Lakini pia heshima haikuletwa na kazi, ilitangulia. Aliyefutwa kazi Ijumaa bado ana sura ya Mungu Jumamosi. Sisi hatuwezi kumpa heshima hiyo. Tunachoweza ni kuitambua, au kuikanyaga.

Tumeikanyaga mara nyingi kwa kutumia maandiko vibaya. Tunamnukuu Paulo kwa Wathesalonike, barua ya pili, sura ya 3, tukisahau kwamba anamkemea mtu asiyetaka kazi. Anayeitafuta akaikosa ni mtu mwingine kabisa. Nenda Industrial Area hapa Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, uone vijana waliotembea kwa miguu kutoka Mukuru, wamesimama kwenye mageti ya viwanda wakingoja kuitwa kwa kibarua. Saa tatu wengine bado wako pale. Hao wanafanana na wale wa Mathayo 20, waliokuwa sokoni jioni kwa sababu hakuna mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwapelekea chakula pale sokoni. Aliwaita shambani, na jua lilipozama akawalipa mshahara wa kutwa.

Boazi naye alifanya hivyo hivyo. Ruthu aliokota masazo kwa mikono yake mwenyewe, na Boazi akawaagiza vijana wamwachie masuke makusudi, wala wasimwaibishe. Huo ndio msaada wenye adabu.

Mtu atauliza, "Pasta, sasa kila huduma italipwa? Kujitolea kumekufa?" Hapana. Mwalimu wa shule anayeimba kwaya Jumapili anatoa kilichozidi, na ni sadaka tamu. Lakini sadaka ni sadaka kama mtu anaweza kukataa. Kijana asiye na kazi, ambaye anatumaini pasta atamkumbuka siku moja, anawezaje kukataa kubeba viti na spika kila wiki? Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Haisemi kwamba kama mwajiri ni kanisa, basi alipwe kwa baraka.

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 nchini wako katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda na vibarua. Hao ndio wanaojaa humu Jumapili. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sisi kama kanisa tunanunua chai, mandazi, kushona sare, kupaka rangi na kurekebisha mabomba. Tumewahi kuuliza ni nani kati yetu anajua kazi hizo?

Nimeongea na wazee na tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, kazi ambayo tungemlipa mgeni, tutamlipa ndugu. Pili, fomu ya msaada sasa ina swali jipya: mikono yako inajua nini? Mgonjwa, mzee na mama mwenye mtoto mchanga watapewa unga kama kawaida, bila maswali. Tatu, fundi mwenye ujuzi lakini hana cheti tutamsaidia kulipia mtihani wa ufundi wa NITA, ili mwajiri mwingine naye amwamini.

Yule seremala tulimlipa, tukachelewa, nikamwomba msamaha. Wiki mbili baadaye nilimpigia simu kwamba benchi moja linayumba. Sikumwonea huruma, na yeye hakukasirika. Alikuja na nyundo, akalikaza, akalikalia mwenyewe kulijaribu. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mchango wa matanga. Nilimwona akiishika karatasi, akaandika jina lake na shilingi mia mbili, akaipitisha kwa jirani.

Wiki hii, kabla hujaita fundi wa mbali, muulize jirani yako wa benchi anafanya kazi gani. Na kama kuna mtu amekufanyia kazi hujamlipa, mlipe leo, jua halijatua.