Huenda

Mwanangu alikuwa na miaka sita siku aliponifanya niweke chini kikombe cha chai kwa neno moja tu. Ilikuwa Jumamosi jioni, Oslo, mwishoni mwa Novemba, na theluji ya kwanza ya kueleweka ilikuwa imeanza kushika kwenye matawi ya msonobari ulio mbele ya dirisha letu la jikoni. Alikuwa anaongea kwa simu ya video na bibi yake aliyeko Tanga.

"Mume wangu," bibi akamwuliza, "kesho mnafanya nini huko kwenye friji?"

"Theluji imekuja, bibi. Theluji ikija, sisi huenda mlimani na maandazi."

Huenda! Mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha viraka, anayesema "viatu yangu" na "gari kimekuja", aliichomoa hu- ya mazoea na kuiweka mahali pake barabara. Nikahesabu kimyakimya. Tangu tuhamie Norwei tulikuwa tumekwenda mlimani mara mbili. Mimi, kwa uaminifu wa mtu mzima, ningesema tuliwahi kwenda. Yeye tayari alikuwa na desturi.

Mlima wenyewe si mlima wa kumtisha mtu aliyekulia akiziona safu za Usambara kwa mbali. Ni kilima cha kaskazini-magharibi mwa jiji, na juu yake inaanzia njia ya kutelezea iitwayo Korketrekkeren, maana yake kizibuo, kile cha ncha ya msokoto kinachong'olea vizibo vya chupa. Jina halikukosea. Njia inajipindapinda kiasi cha kilomita mbili kutoka kituo cha Frognerseteren hadi Midtstuen, ikishuka mita 255. Unakalia kibao chako, unajiachia, unafika chini huku kope zimeganda, kisha unapanda treni ya mjini, njia namba 1, na kibao chako kwapani, inakurudisha juu. Unateremka tena. Humo behewani utamkuta mzee wa ndevu nyeupe, suruali imelowa magotini, anangojea zamu yake kwa hamu ileile ya mjukuu aliyempakata.

Kipupwe chetu cha kwanza huku hatukukiona, kwa sababu tulifunga mapazia. Neno lenyewe lilinichekesha. Kwetu kipupwe ni ule ubaridi wa Juni na Julai, mtu anajitanda shuka akienda msikitini alfajiri na kulalamika mpaka jua litoke. Hapa, siku fupi kuliko zote Desemba, jua linachomoza saa tatu na robo na kutua saa tisa na dakika kama kumi za alasiri, na hata likiwepo linapita pembeni, kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chai. Tuliwasha taa zote. Mke wangu alipika kana kwamba tumezingirwa na adui.

Chekechea ndiyo iliyotutoa nje. Walitupa orodha ya mavazi ndefu kuliko orodha ya mahari: sufu ya ndani, sufu ya juu yake, suti ya kuzuia maji, glavu jozi mbili. Siku ya kwanza nilipokwenda kumchukua nilikuta vigari vya watoto wadogo vimepangwa uani, nje, kwenye baridi ya chini ya sifuri, na ndani yake watoto wamelala fofofo. Nilidhani wamesahauliwa. Kumbe ndivyo wanavyolazwa mchana, na wazazi wenyewe ndio wanaotaka hivyo. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, huko hakuna wazee wa kuwakanya?"

Safari ya kwanza mlimani tuliiharibu. Nilimvika mtoto jinzi. Mteremko wa pili tu ilikuwa imelowa, wa tatu imekauka kwa kuganda, ngumu kama bati, na yeye analia treni nzima huku abiria wakitazama dirishani kwa adabu yao. Mama mmoja mzee alifungua mkoba, akammenyea chungwa. Hakusema kitu, akampa kipande kimoja kimoja mpaka kilio kikaisha.

Mwaka wa pili tulijipanga, na hapo ndipo maandazi yalipoingia. Andazi na baridi havipatani. Ukilibeba kwenye mkoba wa kawaida, mafuta yanaganda juu yake kama nta, na ukiuma unasikia mlio. Mke wangu ndiye aliyegundua dawa. Anayakaanga alfajiri, yakiwa bado moto anayafunga kwa karatasi ya bati, kisha taulo, na mimi nayavaa tumboni chini ya koti. Natembea na tumbo la miezi saba linalonukia iliki. Tukifika juu, tunakaa kwenye gogo, natoa furushi, mtoto anapasua andazi lake kwa mikono miwili na mvuke unamfukia uso. Kwa muda wa pumzi moja hivi haonekani. Kisha anaibuka akicheka. Anapenda mvuke ule kuliko andazi lenyewe. Akishaupata, nusu ya andazi hunirudishia.

Basi mara hizo mbili, moja ya kilio na moja ya mvuke, ndizo alizomwambia bibi yake kuwa sisi huenda.

Nilikosa usingizi usiku ule, na nitasema kwa nini. Sisi watu wa pwani tumezoea kuidai mila umri. Niliwahi kuvuka kwenda Unguja, mwezi wa Julai, kushuhudia Mwaka Kogwa wa Makunduchi: wanaume wakichapana kwa mashina ya migomba, kibanda kikichomwa moto, wanawake wakiimba kwa mavazi yao mazuri kabisa, kisha watu kumiminika ufukweni. Wenye elimu husema ni mwaka wa jua, Nairuzi, uliokuja na Waajemi wa zamani. Lakini pale uwanjani sikumsikia mtu akieleza. Ukiuliza kwa nini kibanda kichomwe, unajibiwa kwamba kibanda huchomwa. Hu- ileile. Jibu lile zamani nililiona la uvivu; sasa naona ndilo jibu lenyewe.

Hebu tukiangalie kiambishi hiki. Viambishi vingine vya wakati humtaka mtendaji ajitambulishe: ni-li-kwenda, wa-ta-kwenda. Hu- haimwulizi mtu jina. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, umbo halibadiliki. Aliyekufa na atakayezaliwa wote wanaingia humo bila kusukumana. Wala haisemi lini. Ni kitenzi kilichovuliwa nafsi na saa. Sijui lugha ngapi zina chombo kilichokaa hivi kwa ajili ya kubebea mila, na sisi tunakitumia kutwa kusema nyanya huuzwa wapi.

Sasa, chombo hicho nami nimejaribu kumpa mwanangu kikiwa kimejaa. Nimemwambia sisi Idd hula bokoboko. Sisi tukimkuta mtu mzima husema shikamoo. Sisi siku ya mwaka huenda kuoga baharini. Anasikiliza, ni mtoto mwema. Lakini akiyarudia huanza hivi: "Baba anasema sisi..." Hayo "baba anasema" ndiyo yaliyokuwa yananichoma. Zile ni hu- za kuazima. Kapewa kama nguo ya kaka yake, zinamvaa badala ya yeye kuzivaa. Ya theluji hakusema baba anasema. Aliikata mwenyewe, kwa kipimo chake, kutoka kwenye mara mbili tu, na wala hakuniomba ruhusa.

Kwa hiyo wivu ulikuwepo, tena wa kijinga, wa kuionea choyo theluji. Mke wangu hakunionea huruma. "Na wewe," akasema gizani, "siku ya mwaka ulienda kuoga mara ngapi kabla hujaanza kusema sisi huenda?" Sikumbuki. Nakumbuka kubebwa mabegani na maji ya chumvi machoni. Yawezekana ilikuwa mara moja.

Na wenyeji nao, ukiwachunguza, si wa kale kama wanavyoonekana. Mtu akiwaona Jumapili wametapakaa misituni, baba mbele, mama nyuma, kichanga katikati kwenye sleji, atadhani wametoka hivyo tangu Nuhu. Wana neno la jambo hili, friluftsliv, maisha ya hewa wazi, na neno hilo Henrik Ibsen alilitumia katika shairi la mwaka 1859. Wakulima wa kabla yake walitembea thelujini kufuata kuni na samaki, na sidhani walikuita huko kustarehe. Haki ya kila mtu kupita msituni na kulala humo, hata pasipo pake, ilikuwa mazoea ya siku nyingi, lakini sheria iliyoiandika ni ya mwaka 1957. Leo mtoto wa Kinorwei hukabidhiwa yote hayo kama hewa. Nadhani palikuwa na Jumapili ambapo mzazi mmoja aliyechoshwa na kuta alisema twendeni, na Jumapili ya pili au ya tatu mtoto mmoja akafunga safari ile kwenye sarufi.

Kuna Mkenya ambaye nikiwa kwenye kilima kile simkosi akilini. Philip Boit alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 akapelekwa Ufini kujifunza kuteleza kwa skii, na Februari 1998 akasimama kwenye mstari wa kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Mshindi alikuwa Mnorwei, Bjørn Dæhlie. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika ishirini nyuma yake. Dæhlie alikataa kuondoka. Alibaki mstarini, sherehe ya medali ikamngoja, mpaka Mkenya akafika akamkumbatia. Boit baadaye mwanawe akampa jina Dæhlie. Yaani kuna mtu wa Bonde la Ufa anayeitwa jina la baridi ya watu wengine, na kwake ni jina la nyumbani, la kuitiwa chakula. Nikimfikiria huyo, wivu wangu hupungua makali. Haukwishi.

Mwaka uliofuata ile simu ya bibi, theluji haikukaa. Ilianguka siku mbili, ikanyeshewa na mvua, ikawa uji wa kijivu, kisha maji. Januari ilikuwa na ukungu na mchirizi wa paa. Njia ya kutelezea ikafungwa. Kila jioni mtoto alikwenda dirishani na kurudi.

Hapo nikakutana na upande wa pili wa kiambishi kile. Hu- haina kanusho lake. Hakuna namna ya kuikana ikabaki yenyewe; ukitaka kukataa inabidi uiache, uazime umbo jingine: hatuendi. Na hatuendi ni neno lenye wenyewe, lina sisi ndani yake, mtu anaweza kulishikia. Tena Kiswahili kina ujanja wake hapa, maana hiyohiyo "huenda" iliyo ya kila siku ndiyo pia labda. Huenda ikanyesha. Huenda tukarudi. Nimeisema lugha hii maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba uhakika wa mazoea na shaka ya kesho tumevipa neno moja.

Jumapili ya mwisho ya Januari mtoto alivaa sufu ya ndani, sufu ya juu, suti, glavu. Akachukua kibao chake, akasimama mlangoni.

"Njia imefungwa, mwanangu."

"Najua."

Mke wangu alikuwa ameshakaanga. Nikavaa maandazi tumboni. Ndani ya treni tulikuwa sisi tu wenye kibao, na watu walikitazama kwa adabu yao. Juu kulikuwa na matope, sindano za misonobari na manyunyu. Tukakaa kwenye gogo lilelile, limelowa. Andazi likapasuliwa, mvuke ukatoka hafifu, maana haikuwa baridi ya kutosha. Aliutazama ukipotea, akala andazi lote safari hii.

Kisha akaweka kibao kwenye tope, akakikalia, akangoja. Hakikusogea. Nikakumbuka kwetu tukikalia kuti la mnazi kwenye kitako chake kipana, mmoja akiburuta na mwingine akipiga kelele mpaka mchanga uingie kinywani. Nikashika kamba. Nikaanza kuvuta kuelekea chini, viatu vikizama, kibao kikikwama kwenye mizizi na kuchomoka. Pumzi ziliniishia kabla ya kona ya kwanza.

"Tena," akasema.