Je, Ni Halali Kurusha Ndege Uliyoiunga Mwenyewe?

Katika Kampemba, upande wa mashariki wa mji wa Lubumbashi, watoto huinua macho wasikiapo mvumo wa ndege iendayo Luano. Wengi hudhani kwamba ndege haitoki ila katika viwanda vikubwa. Sivyo. Ziko ndege ndogo ziuzwazo vipande vipande, ndani ya makasha, pamoja na kitabu cha maelezo. Mwenye kununua huziunga mwenyewe bandani mwake. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunga ndege ya namna hiyo, Sling 4, kwa muda wa majuma 3 hivi, nayo ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, ikipitia Zanzibar.

Hapo dhamiri ina neno la kuuliza. Ndege ya namna hiyo, siku ya kwanza, haijapata kuruka kamwe. Je, yule anayeketi ndani yake anamjaribu Mungu? Mkatekumeni aliyesikia jinsi Shetani alivyomtaka Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu atajibu: ndiyo. Jibu hilo ni la haraka mno. Kumjaribu Mungu ni kuacha kazi iliyo juu yetu na kumdai muujiza badala yake. Mvuvi aingiaye Ziwa Mweru na mtumbwi mzima hamjaribu Mungu. Aingiaye na mtumbwi uliotoboka, akisema atalindwa, huyo anamjaribu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ushujaa hutawala mambo mawili: hofu, na pia ujasiri uliopita kiasi.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Mabawa hubebwa na hewa. Mji wa Lubumbashi uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na joto la Oktoba huizidishia wepesi. Mashini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi uwanjani kabla ya kupaa. (Bel-Air, mtaa wa Kampemba, maana yake ni hewa nzuri, lakini mabawa hayasomi majina.) Mtu ajuaye hayo, akangoja asubuhi yenye baridi, akakaguliwa kila parafujo na fundi mwingine, akajizoeza kwanza na mwalimu katika ndege ya jinsi ileile, huyo ametimiza wajibu wake. Bali afanyaye haraka kwa kuwa amekwisha kuwaalika watu waje kumshangilia, kosa lake limeanza kabla mashini haijawashwa.

Lakini swali gumu ni la wengine. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Marekani, Orville Wright alimpandisha Luteni Thomas Selfridge. Ndege ile ilikuwa imekwisha kuruka siku nyingi, na Selfridge alipanda kwa hiari yake. Rafadha ikapasuka, ndege ikaanguka. Orville alivunjika mguu na mbavu. Selfridge akafa, abiria wa kwanza kuuawa na ndege yenye mashini. Ikiwa iliyokwisha kujaribiwa iliua, ni nani athubutuye kumpandisha rafiki katika ile isiyoruka hata mara moja? Kwa hiyo sheria ya Marekani huzuia ndege zilizoungwa nyumbani zisichukue abiria mpaka zimalize majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40, mbali na makazi ya watu. Maneno hayo ya mwisho yapimwe vema katika Kampemba, ambako nyumba zimesongamana. Rafiki aweza kukubali au kukataa. Mama auzaye unga chini ya njia ya ndege hakuulizwa neno.

Tena mtu mwenye mke na watoto hauhatarishi mwili wake peke yake. Mkate wao umo katika mikono yake. Ndugu Wright, ambao hawakuoa, walimwahidi baba yao, Milton, kwamba hawataruka pamoja, ili mmoja akifa mwingine abaki kuendeleza kazi. Walivunja desturi hiyo mara moja tu, kwa ruhusa yake, tarehe 25 Mei 1910. Siku iyo hiyo mzee huyo, mwenye miaka 81, alipanda na Orville kwa mara yake ya kwanza. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 6 tangu wanawe waliporuka mara ya kwanza, kila mmoja peke yake.